UKUTA WA MAKABURI NI WA KIJIJI KIZIMA

Mwaka huu nimeonelea tuvuke bahari kidogo, twende Uingereza vijijini, tutazame malango na kuta za viwanja vya makanisa ya kale. Najua wengine watasema, "Ah, hayo ya Wazungu yanatuhusu nini?" Ngojeni kwanza.

Huko, mbele ya makanisa mengi ya vijijini kuna lango lenye paa, liitwalo lichigeti. "Lichi" katika Kiingereza cha kale ni maiti. Zamani jeneza lilibebwa mabegani kutoka mbali, na wabebaji walipumzika chini ya paa hilo wakimngoja kasisi. Kitabu cha sala cha mwaka 1549 kiliagiza kasisi ailaki maiti pale penye kiingilio. Katika kijiji cha Long Compton, Warwickshire, lango lenyewe ni kijumba cha kale cha paa la nyasi, ambacho sehemu yake ya chini imeachwa wazi watu wapite. Ajabu, sivyo?

Sasa swali langu ni hili: ukuta ukianza kubomoka, nani alipe? Sheria ya mwaka 1972 inasema kwamba ikiwa uwanja wa kanisa umefungwa kisheria, yaani haupokei tena maiti, kanisa linaweza kukabidhi matunzo yake, pamoja na kuta, kwa baraza la kijiji. Baraza nalo hupata pesa zake kutokana na kodi ya wenyeji. Kwa hiyo hata yule asiyekanyaga kanisani analipa.

Mwenzangu mmoja darasani alisema huo ni uonevu mtupu. Ati afadhali pesa hizo zinunulie watoto bembea. Hoja yake si ya kutupwa, maana walio hai wana mahitaji. Hata hivyo, mimi simwungi mkono, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, Uingereza mwenyeji wa parokia ana haki ya kuzikwa katika uwanja wa kanisa la parokia yake, awe wa dini hiyo au asiwe, mradi nafasi ipo. Basi waliolala mle ni wazee wa kijiji kizima, si wa waumini peke yao.

Pili, ukuta ule si pambo. Kwa kuzika miaka mamia, udongo wa makaburi mahali pengi umeinuka kuliko barabara, na ukuta ndio unaouzuia. Ukianguka, je, utachagua kumwangukia mwumini tu? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali haitaki hata kufafanuliwa!

Tatu, baada ya vita vya 1914 hadi 1918 vijiji kadhaa vilijenga malango haya kuwa ukumbusho wa vijana wao waliokufa vitani, majina yakachongwa pale. Ukilivunja lango, umewafuta watu.

Lakini kulipa pekee hakutoshi, lazima kazi ifanywe sawasawa. Kuta za kale zilijengwa kwa chokaa, kama majengo ya kale ya kwetu Lamu na Gede. Fundi akiziba nyufa kwa saruji ngumu, maji hunaswa ndani. Baridi ikija yanaganda, yanapanuka na kulipasua jiwe. Chokaa huyaachilia maji yatoke. Kwa hivyo fundi wa bei rahisi asiyeijua chokaa huacha hasara kubwa kuliko ile aliyoikuta.

Kwa maoni yangu, basi, wanakijiji wote walipe, na kwa kuwa wanalipa, wote waulizwe ni fundi gani ataitwa. Kulipishwa bila kusikizwa ndiko uonevu, wala si kuutunza ukuta. Asiyekubaliana nami na achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu