Kutu ya tangi hula mtaji

Mchuuzi anayebeba samaki wabichi kwa pikipiki ya zamani kutoka mialo ya Ziwa Victoria hadi Mwanza mjini, akizimikiwa njiani hulaumu kabureta. Mara nyingi kosa ni tangi la chuma: likiachwa nusu tupu, unyevu hugeuka maji na kuleta kutu, nayo huziba kabureta.

Tunashauri lisafishwe. Lifungue mbali na moto, mwaga petroli, ziba tundu la koki. Tia siki na nati chache, tikisa, liache usiku kucha. Toa nati, suuza kwa maji ya magadi, kausha kabisa, kisha zungushia petroli yenye oili siku hiyo hiyo, maana chuma kitupu hushika kutu upesi. Tangi lililotoboka lisichomelewe likiwa na mvuke wa petroli, hulipuka.

Safari moja iliyokwama huozesha mtaji wa siku nzima.