Gugu Karoti: Nani Ashtakiwe?



Machalii wa mjini mnazijua zile muvi za Kichina za mimea inayokula watu. Unaingiziwa kwenye flashi kwa bei ya maandazi mawili, imeshatafsiriwa Kiswahili na DJ anayeongea kuliko waigizaji wenyewe. Hadithi huwa ni ileile. Kampuni inachezea mbegu maabara, mbegu inatoroka, mizizi inapasua lami, mti unamnyonga mlinzi wa geti, baba anahangaika mji mzima kumtafuta binti yake. Kuna mwanasayansi alionya mapema, akachekwa. Bajeti ni ndogo mpaka unaona kabisa majani yamechorwa kwenye kompyuta. Dakika themanini, mmea umeungua, na bosi wa kampuni ameliwa na alichokipanda. Kibanda umiza kizima kinashangilia.

Mimi nazipenda, sitajifanya msomi hapa. Lakini miaka mitatu ya kusoma sheria imeniharibu, siku hizi namwangalia yule bosi kuliko mmea. Kwa nini kila mara ni yeye? Nadhani jibu ni rahisi: kule China filamu haitoki bila kupita kwa wakaguzi wa serikali, kwa hiyo mwandishi mwenye akili hathubutu kumtupia lawama ofisa wa halmashauri au waziri. Anatafutwa tajiri mmoja mwenye tamaa, anabebeshwa mzigo wote. Sawa. Ni uongo wa kisiasa, lakini angalau kuna mshtakiwa.

Hapa Arusha tuna mmea vamizi wa kweli, na hauna hata mshtakiwa wa kusingiziwa.

Naongelea gugu karoti. Wengine mnaliita karoti pori. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua ni madogo meupe, mengi, ukilitazama haraka unaona urembo tu. Wataalamu wanaliita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Lilifika India miaka ya 1950, inasemekana pamoja na ngano ya msaada kutoka Marekani, na Wahindi wengi mpaka leo wanaliita nyasi za Congress, jina la chama kilichokuwa madarakani wakati huo. (Wenzetu hawakuogopa kulipa gugu jina la chama tawala. Mimi sijasema kitu.) Ethiopia nao wanalijua toka miaka ya 1970 na 1980. Kwetu lilianza kuripotiwa hapa Arusha karibu na mwaka 2010, na sasa sihitaji kumwelekeza mtu wa jiji hili lilipo. Toka nje, angalia kingo za barabara, kiwanja ambacho hakijajengwa, lundo la mchanga wa fundi, mtaro.

Halinyongi mlinzi wa geti. Linachofanya ni polepole na ni kibaya zaidi. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na unatoa maua ndani ya wiki chache tu baada ya kuota, mvua ikiwepo. Mbegu zilizofukiwa udongoni zinaweza kukaa miaka na bado zikaota. Linatoa kemikali inayozuia mimea mingine kuchipua jirani yake, kwa hiyo malisho yanapungua mwaka hadi mwaka bila mtu kusikia kelele. Ng'ombe akilila, maziwa yanakuwa machungu. Binadamu akilishika mara kwa mara, ngozi inawasha na kutoka vipele, na vumbi la maua yake linawaletea wengine mafua yasiyoisha na pumu.

Sasa fikiria jiografia yetu. Upande wa kusini wa Mlima Meru, Tengeru, Usa River, Akheri, kuna mvua, migomba na kahawa, na mashamba madogo yanayopaliliwa kila wakati. Huko gugu linapata upinzani. Ukizunguka magharibi na kaskazini, kuelekea Kisongo na Oldonyosambu, mlima unazuia mvua, ardhi ni kavu, watu wanaishi kwa mifugo. Na hili gugu linapenda hasa ardhi iliyochoka, iliyolishwa mpaka ikabaki wazi. Maana yake ni kwamba anayeumia zaidi ni yule yule ambaye tayari ana kidogo: mama wa Kimaasai au Kiarusha ambaye pesa yake ya ada ni lita tano za maziwa. Mnunuzi akionja akakunja uso, hakuna risiti ya hasara hiyo. Haiingii kwenye takwimu ya mtu yeyote.

Linasafirije? Kwa kila kitu tunachokiita maendeleo. Matairi ya malori, greda za barabara, kifusi kinachohamishwa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, nyasi za kulishia mifugo, magunia ya nafaka. Barabara mpya ni jambo jema, hakuna anayepinga lami. Ninachouliza ni hiki: greda likitoka eneo lenye gugu, nani ana jukumu la kulisafisha kabla halijaingia kijiji kisichokuwa nalo? Mkandarasi? TANROADS? TARURA? Halmashauri? Nimewauliza wenzangu darasani, tukapata majibu manne kwa watu watatu. Na kile kipande cha ardhi ambako gugu linastawi vizuri kuliko kote, hifadhi ya barabara, ndicho kila mmoja anasema ni cha mwenzake.

Hapo ndipo sheria inapotakiwa kuingia, na hapo ndipo mambo yanapochekesha kama si ya kuliza.

Mwaka 2020 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Mimea. Ni sheria nzuri kwa mambo mengi. Iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ikaichukua ile TPRI yetu ya zamani na kuiunganisha na huduma za afya ya mimea za wizara. Makao makuu yake yako hapa hapa, Ngaramtoni. Yaani mamlaka ya taifa ya kupambana na visumbufu vya mimea iko kwenye barabara ya kwenda Namanga, na pembeni ya barabara hiyo hiyo unalikuta gugu limechanua. Siwasemi vibaya wataalamu wake, ni watu ambao kwa miaka wamekuwa wakieleza hatari hii. Ni yule mwanasayansi wa kwenye muvi. Wameonya.

Mwaka huo huo 2020, Bunge lile lile likapitisha marekebisho ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Kwa marekebisho hayo ya 2020, mtu aliyetaka kwenda Mahakama Kuu kudai haki za kwenye Katiba, ibara ya 12 hadi 29, alitakiwa kuapa na kueleza jinsi yeye mwenyewe, binafsi, alivyoathirika. Kabla ya hapo mwananchi aliweza kusimama kwa ajili ya wengi. Sasa ebu niambieni, gugu lililoota hifadhi ya barabara limemuathiri nani binafsi? Mfugaji ambaye maziwa yamekuwa machungu atathibitishaje kwamba mbegu iliyofika malishoni kwake ilitoka mtaro huu na si ule? Madhara ya aina hii yanasambaa kwa watu maelfu, kila mmoja kidogo. Ndiyo maana kesi za maslahi ya umma zilikuwepo. Kwa mkono mmoja tumeundiwa mamlaka ya kulinda mimea, kwa mkono wa pili tukapunguziwa njia ya kuiuliza mamlaka hiyo mahakamani. Halafu mtu ananiambia Katiba Mpya ni ajenda ya wanasiasa wenye njaa ya vyeo.

Mlango haukufungwa wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kufungua shauri mazingira yakiwa hatarini. Na kabla hata ya sheria hiyo, wananchi wa kawaida wa Dar es Salaam walishaonyesha inawezekana. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, kesi ya Joseph Kessy, waliipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani kwa sababu ya dampo, wakashinda. Miaka michache baadaye taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao, kesi ya Festo Balegele ya 1991, wakashinda. Hawakuwa na wafadhili wala makongamano. Walikuwa na moshi na inzi.

Kwa upande wa mmea wenyewe, mfano uko kwa jirani. Baringo, Kenya, mapema miaka ya 1980 serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walipanda mti unaoitwa mathenge ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Mti ukakubali kupita kiasi. Ukafunga malisho, na mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaoza meno. Wananchi wakaishtaki serikali mwaka 2006, na mbuzi asiye na meno akapelekwa Nairobi mahakamani kama kielelezo. Magazeti yalicheka sana. Mimi sioni cha kuchekesha. Ni wafugaji waliokuwa wametambua kitu ambacho mwandishi wa muvi anakijua na sisi bado: mmea hauji wenyewe. Kuna saini mahali fulani. Na pasipo na saini, kuna mtu aliyetakiwa kuangalia, hakuangalia.

Kuna kamanda ataniambia, dada, viongozi wetu wako kwenye misukosuko, wewe unatuletea habari za majani? Namheshimu, lakini simkubalii. Wameru wa Engare Nanyuki, waliohamishwa kwa nguvu mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, walikuwa wanadai nini kama si nyasi na maji? Kirilo Japhet alifika hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 akisimamia malisho na mashamba ya watu wake. Siasa za mlima huu hazikuanza na mabango. Na mfugaji wa Oldonyosambu ambaye hajawahi kuja kwenye mkutano wetu hata mmoja atatusikiliza tukiongea maziwa, kabla hatujaongea tume huru.

Tunachotakiwa kudai hakihitaji pesa za kutisha. Halmashauri zetu tatu zinazopakana, Jiji, Arusha na Meru, zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Zitunge moja inayofanana: mkandarasi asafishe mitambo kabla ya kuhama eneo, na mwenye hifadhi ya barabara atajwe kwa jina kuwa ndiye mwenye jukumu la kung'oa, kabla gugu halijatoa maua, siyo baada. Maana mtindo wa sasa ni kufyeka wakati wa ziara ya kiongozi, mbegu zimeshaiva, zinarushwa kila upande na fyekeo, mwezi unaofuata limeota mara mbili. Wale akina mama wanaopewa kibarua cha kung'oa kwa mikono mitupu wapewe glavu na barakoa. Hili halihitaji hata sheria ndogo, linahitaji aibu.

Na wataalamu wapewe fedha ya kutoka maabara kwenda shambani. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Nambala wamejaribu kulizidi gugu nguvu kwa mimea shindani, na mmoja wapo ni ngwara. Ngwara! Zao ambalo bibi zetu wanalilima na Wakenya wanalinunua kwa magunia. Dawa iko sokoni Tengeru, inapimwa kwa debe, na baraza la madiwani ambalo tangu Oktoba 2020 limejaa rangi ya kijani (ninaongelea mashati, siyo mimea) sijasikia likiijadili.

Kwa mlio tayari kuanza kwenye kata zenu: andikeni barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa TPHPA Ngaramtoni. Tajeni barabara, tajeni kipande chenyewe kuanzia wapi hadi wapi, wekeni picha yenye tarehe. Ulizeni swali moja tu, nani anahusika na eneo hili, na muombe jibu la maandishi. Hakikisheni barua inagongwa muhuri wa kupokelewa na mnabaki na nakala yenye muhuri. Siku itakapofika ya kwenda mbele ya jaji, kitu cha kwanza wakili wa serikali atakachosema ni kwamba hakuna aliyewahi kulalamika.