Mkono wa asili ni upi?

Juzi nilikuwa Embu mjini, jamaa mmoja akanifungulia kompyuta yake kwa fahari. Anapunga mkono mbele ya kamera, ukurasa unageuka. Anakunja ngumi, muziki unanyamaza. "Hii ndiyo njia ya asili ya kuzungumza na kompyuta," akaniambia.

Ya asili kwa nani, jamani? Hakuna mtu aliyezaliwa akijua kwamba ngumi maana yake ni kuzima muziki. Ishara hizo alizibuni mhandisi, nasi tunazikariri kama tulivyokariri vitufe.

Na huku, ndugu msomaji, mikono inayozungumza ipo. Ipo papo hapo Embu katika shule ya viziwi ya St. Luke's, ipo Meru katika ile ya Kaaga. Ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 iliifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha nzima, yenye sarufi yake! Sisi waandika programu tunaipita kando, tunakwenda kuifundisha kamera kugeuza kurasa.

Zamani tulikuwa na kisingizio. Kinect ya kwanza ya Microsoft, iliyotoka 2010, ilifuatilia viungo 20 vya mwili, lakini vidole haikuvitofautisha. Lugha ya ishara bila vidole ni kama Kiswahili bila irabu. Lakini tangu 2019 Google imetoa bure programu ya kufuatilia mikono katika MediaPipe, inayosoma alama 21 kwa kila mkono, tena kwa kamera ya simu tu.

Msiniambie habari za glavu. Namheshimu Mkenya mwenzetu Roy Allela kwa glavu zake za Sign-IO, ila glavu haioni uso, na katika lugha za ishara nyusi zinaweza kugeuza kauli kuwa swali. Halafu, kwa nini kiziwi ndiye avae mtambo ili mimi nielewe?

Iliyobaki ni kazi isiyopigiwa makofi: kurekodi video za viziwi wenyewe, walioridhia na kulipwa, na kuziandikia maana ishara kwa ishara. Chuo Kikuu cha Maseno kimejitosa kwa mradi wa AI4KSL. Sisi wa Embu na Meru je?

Nimemwomba yule jamaa twende St. Luke's muhula ujao. Bado hajanijibu.