Duka Lisilo na Bidhaa

Jumapili moja mwaka huu, kipaza sauti cha hema fulani la Kayole, Nairobi, kiliamka saa kumi na mbili asubuhi, mtaa mzima ukaamka nacho. Kanuni za kuzuia kelele za mwaka 2009 zipo, ila inaonekana zilitungwa kwa ajili ya Runda kwa matajiri. Mhubiri alikuwa na swali kwa wote, waliovaa na waliokuwa bado kitandani: kama kweli unamwomba Mungu aliye hai, mbona bado unalipa kodi ya nyumba? "Mungu wangu si maskini!" akanguruma. Kisha akawaita mbele waliopata gari, ploti au viza tangu mwaka jana, wasimame washuhudie. Walisimama wanne. Mia mbili hivi walibaki kwenye viti vya plastiki wakiwapigia makofi.

Mwandishi wa safu hii hana ugomvi na gari. Ana ugomvi na hesabu. Chama chochote cha akina mama wa sokoni, kile cha kuchangiana kila wiki, kina rekodi nzuri kuliko hiyo, na hakitumii jenereta.

Hata hivyo imani kwamba sala hupimwa kwa kinachofika nyumbani imeota mizizi. Inasikika ndani ya matatu za namba 58, inasikika matangani. Wasioenda kanisani nao wanayo, wameigeuza tu upande wa pili: maskini anaomba kwa kuwa hana kingine, mpe kazi nzuri uone kama atarudi. Mhubiri wa hema na mlevi wa baa wanadhani wanapingana, kumbe wameshapeana mikono. Kwa wote wawili, hakuna anayemwendea Mungu ila kwa kutafuta vitu.

Haya, na watazamwe wanaoenda. Anayesimama mtaani Eastlands Jumapili mchana huenda akasikia ngoma kabla ya kuona watu. Ni African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Paul David Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942. Bendera mbele, vilemba vyeupe nyuma, kanzu zimepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, viatu vimejaa vumbi. Mpiga ngoma ameining'iniza begani kwa ukanda; akifika penye kona anajizungusha mara moja, na mdundo haupotei. Bodaboda zinasubiri, jambo ambalo hazilifanyi hata kwa ambulensi. Miongoni mwa wanaopita wamo walinzi wa usiku, vibarua wa mjengo, na wanawake wanaofulia watu nguo kwa malipo ya siku. Wapo walioanza kuandamana hivyo Moi akiwa Ikulu. Gari halijaja. Ploti haijaja.

Sasa ajitokeze mtu aeleze: ni nani aliyewahi kurudi miaka thelathini kwenye duka ambalo hajatoka hata na kiberiti? Mnunuzi wa Eastlands si mjinga. Mama mboga akimpunja nyanya moja, kesho amehamia kibanda cha pili. Mtu huyo huyo, anayehesabu nyanya, anarudi kanisani Jumapili baada ya Jumapili. Basi anapewa kitu, na kitu chenyewe hakipakiwi kwenye mkokoteni.

Novemba 2024, jambo hili lilipata mtihani wake hapa hapa Eastlands. Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na watoto, akaahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha zirudishwe na ahadi zikataliwe, kanisa lisije likageuzwa jukwaa la siasa. Wapo walionung'unika, na haki yao. Basi ni basi. Lakini hakuna aliyesikia kwamba kwaya imegoma au kwamba Soweto wameacha kusali. Machi 2025, kanisa moja la Roysambu lilipewa na rais huyo huyo milioni 20, na Jumapili iliyofuata nje yake kulikuwa na matairi yanayowaka na moshi wa vitoa machozi. Duka hilo lilikuwa na bidhaa tele.

Wahubiri wa ploti wakibanwa hukimbilia kwa Mfalme Sulemani. Mbona yeye alibarikiwa dhahabu? Alibarikiwa, ndiyo. Alikuwa pia na wake 700 na masuria 300, na hakuna hema la Kayole linalowaita mbele waliofikisha idadi hiyo washuhudie. Tena kitabu cha Mhubiri, ambacho mapokeo yanasema ni chake, ni malalamiko marefu ya tajiri aliyechoshwa na mali. Anayemtumia Sulemani kutangaza ploti za Joska asome kwanza yale mzee aliyoyasema baada ya kuzipata.

Aliyekuwa na mali asishibe hahitaji hata kutafutwa Yerusalemu. Simeoni Nsibambi wa Buganda alikuwa na ardhi na kazi nzuri serikalini. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, naye akiwa amekauka moyo vilevile. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na hapo pakawa mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika Kenya mwaka 1937. Nsibambi aliacha kazi akawa mhubiri. Kwa kipimo cha hema la Kayole, huyo angebaki kwenye kiti cha plastiki akiwapigia wengine makofi.

Mwaka 2014, runinga ilipomfichua mhubiri wa Nairobi aliyekuwa akidai sadaka ya "mbegu" ya shilingi 310, nchi nzima ilicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa na unafiki ndani yake. Wengi waliocheka walikuwa na mbegu zao tayari, zimepandwa kwa mtu mwenye suti nzuri zaidi.

Lakini mbegu hazipandwi kila mahali. Maaskofu Katoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliazimia kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogo ndogo, majirani wachache wanaosali nyumbani kwa mmoja wao. Mwandishi wa safu hii aliketi katika mojawapo, mtaani Umoja, sebuleni, watu kumi na mmoja kwenye makochi yenye vitambaa. Injili ilisomwa mara mbili. Fundi viatu mmoja, mzee, akaanza kueleza ni kwa nini siku hizi hamwombi tena Mungu amrudishie pesa zake za ploti hewa, na ni nini anachoomba badala yake. Kabla hajafika huko, sauti ikapigwa ngazini: "Maji yamekuja!" Mfereji wa ploti hiyo hutoa maji mara mbili kwa wiki, ukibahatika. Sebule ikabaki na watu watatu, na Biblia imelazwa kifudifudi mkononi mwa kochi. Baada ya nusu saa, mitungi ya njano ilikuwa imepangwa koridoni, na wote kumi na mmoja walikuwa wamerudi, mikono na sketi zimelowa. Mwenye nyumba akafunga mlango, na mzee akaendelea pale alipokuwa ameachia.