Yasmini si Yasinta



Juma lililopita alifika ofisini kwetu mama mmoja, mke wa mvuvi wa ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ameshika vyeti viwili vya binti yake. Cha kuzaliwa kilisema Yasmini, cha ubatizo Yasinta. Shuleni wameagiza majina yapatane kabla mtoto hajaandikwa. "Mwalimu," akasema, "huyu Yasinta ni nani?"

Nikafungua daftari la ubatizo. Mwandiko ulikuwa wangu. Siku ile nilidhani mama amekosea kutamka, nikaandika jina nililolizoea.

Nilimwomba radhi. Lakini, nakiri, nikamwuliza pia kwa nini mtoto wa Kikristu aitwe jina la Kiislamu. Akacheka. Yeye ni mzaliwa wa Tanga. Kwao asumini ni ua dogo jeupe linalonukia sana usiku, nao wanawake hulitunga katika vikuba. Mlangoni kwa bibi yake ulikuwapo mti wake.

Basi, asumini na Yasmini ni neno moja, na asili yake ni Kiajemi, lugha ya Iran. Waarabu walilichukua huko, kisha likafika Ulaya, ambako Wakristu wengi huwaita binti zao Jasmine. Hata binti mfalme katika filamu ya Aladdin ya mwaka 1992 aliitwa hivyo. Nasi mbona hatuoni ajabu kwa Rosa? Nalo ni ua. Mtakatifu Rosa wa Lima, aliyezaliwa mwaka 1586, alibatizwa Isabel. Rosa aliitwa baadaye.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitaka jina la Kikristu; wazazi wasipokubali, padre aliongeza la mtakatifu, akaandika yote mawili. Kanuni ya 855 ya mwaka 1983 yaagiza tu kwamba jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristu. Ndiyo sababu Kabula, mtoto wa mvua wa Kisukuma, hubatizwa kwa jina lake.

Karani hana ruhusa ya kukwangua daftari. Nililipeleka shauri kwa Baba Paroko, naye akaniamuru jinsi ya kuandika sahihisho pembeni. Mama alingoja kibarazani. Nilipompa cheti kipya alikisoma herufi kwa herufi, mara mbili, ndipo akaaga.