Tangi la Samaki Lahitaji Bomba la Pili
Kituo cha Beit el Ras, Zanzibar, kilijengwa kuzalisha vifaranga vya mwatiko, kaa na jongoo bahari. Kazi hiyo hutegemea maji ya bahari, na maji hayo hubeba mabuu ya kome na chaza yasiyoonekana kwa macho. Yakishajibandika ndani ya bomba hukua, na mkondo hupungua.

Kwenye sakafu ya tangi nako hujilundika kinyesi na mabaki ya chakula. Vikioza hutoa amonia. Tope likikosa oksijeni hutoa gesi inayonuka yai viza, sumu kwa samaki.

Kinga zipo: chujio la mchanga, kufyonza tope, na mabomba mawili yanayopokezana. Linalofungwa huishiwa oksijeni, kome na chaza wakafa, kisha likasukutuliwa. Kila anayejenga kituo cha namna hii aliweke bomba la pili kwenye bajeti ya kwanza, pamoja na mishahara ya wasafishaji.