Ndagala Haianikwi Ziwani

Kila mama wa Makobola anajua kwamba ndagala haianikwi ziwani. Fumbo la wanakemia ni hilo hilo. Asidi amino mbili zikitaka kuungana kuwa peptidi, yaani mwanzo wa protini, sharti molekuli moja ya maji itoke kati yao. Itatokaje, nazo zimezama majini?

Mwaka 1953 Stanley Miller, akiwa bado mwanafunzi huko Chicago, alipitisha cheche za umeme katika mvuke wa maji, methani, amonia na hidrojeni, akapata asidi amino. Kuziunganisha ndiko kulikobaki kugumu. Wengine wakaelekeza macho ufukoni: dimbwi hukauka kwa jua, hujaa, hukauka tena, na katika kukauka huko viungo hushikana. Mwaka 2022 kundi la Graham Cooks, wa Chuo Kikuu cha Purdue, likaonyesha kwamba kwenye vitone vidogo sana vya maji, pale uso wao unapokutana na hewa, peptidi hujiunda kabla ya sekunde moja kupita. Nami nalipenda jibu hili, labda kwa kuwa nimezoea manyunyu ya mawimbi.

Wapo pia wanaotazama chemchemi za moto vilindini. Nasi tunazo: watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1993 walieleza chemchemi zilizo chini ya ziwa letu, huko Pemba na kwenye Rasi ya Banza, ambako joto lilifika nyuzi 103. Sisemi kwamba uhai ulianzia kwetu. Tanganyika ni changa mno kwa hilo.

Lakini kuna neno linalonikera. Nasikia katika vikundi vyetu: wataalamu wameshindwa hapa, basi hapa ndipo alipo Mungu. Je, wakifaulu mwakani, tutamhamishia wapi? Mtakatifu Augustino, karne nyingi kabla ya kemia, alifundisha kwamba Muumba aliweka katika viumbe mbegu za kuchipua kwa wakati wake. Mbegu hiyo haiogopi kuchunguzwa.

Majuzi msichana mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni dhambi kusomea mambo haya. Nilimwambia aanze na chupa moja ya maji ya Banza.